Menyu Chini ya Kidole

Nina hasira. Nalisema mwanzoni ili asije mtu akanisoma mpaka katikati ndipo aanze kuuliza, mbona huyu dada anafoka? Nafoka kwa sababu nimo. Laiti ningekuwa nje ya jambo hili ningeliandika kwa utulivu, kwa sentensi zilizopigwa pasi, na watu wangenisifu kwa busara zangu. Busara potelea mbali. Mimi ndiye niliyeitengeneza ile menyu. Kwa mikono hii hii. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, nadhani, lakini siku moja liliondolewa kwenye orodha ya majina na hakuna aliyelidai, basi tukazoea kusema "hapa." Unatoka wapi? Hapa. Unakwenda wapi? Hapa hapa. Katikati ya hapa pana jumba, na kwenye ukuta wa mbele wa jumba pana kioo kirefu kuliko watu watatu waliobebana. Ndani ya kioo umechorwa mji mzima: kila nyumba, kila kisima, kila uzio. Mtu akiwa na shida huja pale mbele, akagusa nyumba yake kwa kidole, na papo hapo menyu inaibuka, kiorodha chembamba cheupe chenye maneno matatu au manne. Unachagua neno, menyu inapotea, shida imekwisha. Hakuna karani wa kukujibu ovyo wala wa kukuambia njoo kesho. Kioo kilipozinduliwa watu walishangilia. Mama yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, kisha akawaambia majirani, "Siwatu wangu ndiye anayeandika yale maneno." Majirani wakamtazama kwa heshima.

Wasioijua kazi hii hudhani menyu inajitokeza yenyewe kama kipele. Hapana. Kila menyu imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, chai pembeni, mgongo unamuuma. Mtu huyo huandika maneno ya kuchagua, huiambia menyu ifunguke wapi, huiambia kila neno likichaguliwa kifanyike nini, na huamua maneno yapi yalale. Neno lililolala linaonekana, ila kwa rangi ya kijivu, na ukiligusa halisikii. Basi. Lakini hebu fikirini. Mzee wa watu anatoka kwake na mambo elfu kifuani: kisima kimeingia chumvi, jirani kasogeza uzio, mke anaumwa, na juu ya yote amekasirika na hajui amkasirikie nani. Anafika, anagusa, anakuta maneno matatu. Yale mambo elfu yote yanamrudi kooni. Anachukua moja kati ya matatu kisha anaondoka akijisifu kwamba amechagua. Amechagua? Nani alimchagulia hayo matatu? Mimi. Nilimjua? Sikumjua. Niliwahi kufika kwake? Wapi! Nilikuwa nakunywa chai. Niliwahi kuuliza kikaoni, jamani, nani katupa ruhusa ya kuamua mtu anaweza kutaka nini? Wakacheka, wakasema leo dada Siwatu kaamka na falsafa, na kikao kikaendelea kujadili rangi ya ukingo.

Sasa sikilizeni jambo la nukta mbili, maana ndilo lenye kila kitu.

Kidole kikigandamiza kioo, menyu inafunguka. Kidole kikiinuka, neno lililo chini yake linachaguliwa. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo menyu ikifunguliwa pale pale penye kidole, neno la kwanza linakuwa limekaa chini ya kidole tayari, na mtu akiinua tu, hata kabla hajasoma, limeshachaguliwa. Ili hilo lisitokee, karakana yetu ilikuwa na desturi: menyu husukumwa nukta mbili kulia na nukta mbili chini, yaani vidoa viwili tu vya vile vinavyochora picha kiooni, jicho halioni, ila kidole kinabaki kwenye ukingo mtupu na mwenyewe anapata kupumua. Kila mgeni alifundishwa hilo siku ya kwanza, hata kabla ya kuonyeshwa choo. Ilifika mahali tukawa tunasalimiana kwalo. Ukiingia asubuhi mwenzio anakuuliza, "Umesukuma?" nawe unajibu, "Nimesukuma," ndipo unakaa. Nukta mbili. Heshima yote ya binadamu mbele ya kile kioo ilikuwa na upana wa nukta mbili, na aliyeilinda hakuwa hakimu wala mbunge, alikuwa ni fundi mwenye njaa anayesubiri saa ya chakula.

Siku ile sikusukuma.

Sina kisingizio. Nilisahau. Tulikuwa tumeletewa kazi ya Bondeni kwa haraka. Bonde lote lilitakiwa lijazwe maji liwe bwawa, na wakazi wake walitakiwa waje waseme wenyewe wanataka nini. Maneno matatu: *Nahama kwa hiari yangu. Nabaki. Naomba maelezo.* Niliandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo karatasi ilivyokuja. Nikampa Semkiwa aijaribu. Semkiwa ndiye mjaribuji wetu, mtu mpole, anayegusa vitu kama anayeogopa kuviamsha.

"Dada," akasema, "hii inajichagulia."

"Inajichagulia vipi?"

"Nimegusa, nimeinua, imeniambia nimehama. Mimi sijahama."

"Ala! Sikusukuma. Lete, narekebisha sasa hivi."

Hapo ndipo Bwana Lugendo, Mratibu wetu, aliposimama nyuma ya viti vyetu. Mratibu huyu alikuwa na viatu visivyo na sauti, na sijapata kumwamini mtu wa viatu vya namna hiyo. Akasema, "Ngoja." Akagusa. Akainua. Kioo kikaandika: *Ahsante kwa kuhama kwa hiari yako.* Akagusa tena. Akainua tena. Mara ya tatu akacheka, kicheko cha mtu aliyeokota kitu njiani na hakuna aliyemwona.

"Siwatu," akasema, "hii ni kazi safi sana."

"Ni kosa, Mratibu. Menyu haikusukumwa. Dakika moja tu nai..."

"Usiguse."

"Mratibu, watu watahama bila kutaka."

"Nani kasema bila kutaka? Kidole cha nani? Si chao? Nani kakishika? Mimi? Wewe?" Akanitazama usoni. "Mtu akiinua kidole chake mwenyewe, amechagua. Au hapa tunawafundisha watu jinsi ya kuinua vidole?"

Semkiwa akainamisha kichwa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Nilipaswa kupiga kelele, kuondoka, kumwaga chai kwenye mitambo. Badala yake nilisema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nataka kujiuma. Nilisema, "Mratibu, mama yangu anakaa Bondeni."

Naye, kwa upole kabisa, akaniwekea mkono begani. "Nyumba ya mama tutaiondoa kwenye orodha. Hilo niachie mimi."

Nikamwachia. Mnasikia? Nikamwachia! Nikakaa kwenye kiti changu. Nyumba mia tatu na kitu za watu wengine zilikuwa zinakwenda chini ya maji kwa kosa langu, nami nilitulia kwa sababu moja imetolewa. Halafu akaanza kuniletea mengine, leo hili, kesho lile, na kila moja likiwa dogo. Siwatu, hilo neno *Nabaki* lilaze, liwe la kijivu. Lisifutwe, watu waone kwamba lipo. Nikalilaza. Siwatu, na *Naomba maelezo* pia, maelezo hayajawa tayari. Nikalilaza. Siwatu, wapo wajanja wanaoburuta kidole hadi nje ya menyu ndipo wainue, ikajifunga bila kitu. Fanya wa nje naye, na anayeinua juu ya neno lililolala, wahesabiwe neno la kwanza. Nikafanya. Kila njia ya kutokea niliiziba mimi mwenyewe, nikijiambia hakuna ninayemjua atakayepita humo. Akanihamishia meza karibu na dirisha. Nikashukuru.

Kitu kingine mkijue kuhusu Mratibu: hakupenda programu nyingi. Programu nyingi ni vurugu, alisema, nataka moja, inayoniitikia mimi. Kwa hiyo kila cha mji kilitiwa kwenye programu moja: saa kubwa, milango ya jumba, vizuizi vya barabarani, hata mlango wa chumba cha umeme. Programu ile huzunguka na kuuliza kila kitu kwa zamu, kuna jipya? kuna jipya? Lakini menyu ikifunguka, kuzunguka kunakoma. Menyu huinyakua programu yote, haisikii kingine chochote isipokuwa kidole kilichoifungua, mpaka kidole hicho kiinuke. Hilo sikulibuni mimi, ndivyo vifaa vyetu vilivyoumbwa. Mtu wa kawaida hugusa kwa sekunde mbili, basi mji mzima ulikuwa unasimama sekunde mbili, hakuna anayetambua. Ila saa ilichelewa. Watu elfu wakigusa, saa imekosa zaidi ya nusu saa. Adhuhuri ikawa inaingia alasiri, na jua nalo, sijui kwa woga au kwa mazoea, likaanza kuifuata saa badala ya saa kulifuata jua. Nakumbuka asubuhi moja iliyokaa siku mbili. Tulikunywa chai mara sita, hatukuulizana.

Foleni ya Bondeni ilipoanza niliiona kutoka dirishani. Wanakuja wamevaa nguo zao za maana. Wanagusa. Wanainua. Wanasoma *Ahsante kwa kuhama kwa hiari yako* na kwanza wanageuka nyuma, wanadhani anaambiwa mwingine. Halafu uso unabadilika. Kuna mmoja, Mzee Mahimbo, alirudi kugusa mara nne, kila mara akiinua kidole polepole zaidi, akidhani tatizo ni haraka yake. Aliondoka akijitazama kidole. Hapo ndipo niliposhindwa kuimeza chai. Walikuwa hawatulaumu sisi! Walikuwa wanajilaumu wenyewe. Nilisikia mwanamke mmoja akimfokea mumewe, "Si nilikuambia usiguse kwa nguvu?" na mume akiomba radhi, anaomba radhi kabisa, kwa kosa ambalo mimi nilikuwa nimelifanya nikiwa na maandazi mdomoni. Na malori ya kubeba vyombo vyao yalikuwa yanashuka bondeni moja baada ya jingine, maana kila *hiari* iliyoandikwa ilifungua kizuizi cha barabara.

Ndipo nikamwona mama.

Bi Sikudhani, mama yangu, kwenye foleni, kanga mpya, barua ya wito mkononi. Wa tatu kutoka mbele. Niligeuka kumtafuta Mratibu, yumo ukumbini anakagua takwimu.

"Mama yangu yuko kwenye foleni!"

"Mama yako?" Akafikiri, kweli akafikiri, uso wake ulionyesha juhudi. "Ah. Ile. Ilinipitia."

Ilinipitia! Nyumba aliyoijenga mwanamke mjane kwa kuuza vitumbua miaka kumi na tisa, imempitia. Sikumjibu. Nilikimbia. Nilitoka mlango mkubwa, nikapiga kona, nikawasukuma watu, na watu wakanitukana, na walikuwa na haki. Nikafika mama akiwa ameshanyoosha mkono. Kidole chake cha shahada, chenye kovu la mafuta ya moto, kimekwisha kugandamiza paa la nyumba yetu.

Menyu ikafunguka.

"Mama, usiinue kidole!"

"Eh?"

"Usiinue! Nakuomba, mama, usiinue hata kidogo. Kikaze hapo hapo."

Mama yangu si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili wala wa kuambiwa bila sababu, lakini aliniangalia machoni, akakaza.

Na mji ukasimama.

Saa kubwa ilikuwa saa nne na dakika saba, ikabaki saa nne na dakika saba. Milango ya jumba ilikuwa imejifunga nyuma yangu, ikabaki hivyo, Mratibu ndani, askari kumi na wawili wa kumlinda ndani, Semkiwa ndani. Kule barabara ya bondeni kizuizi kilikuwa kimeshuka, nacho hakikuinuka tena, na lori lililofika mbele yake likabaki linanguruma mpaka dereva akalizima. Nilitazama chini, kivuli changu hakisogei. Watu wa foleni wakanyamaza. Sikuwahi kusikia ukimya wa namna ile hapa petu, ambapo daima kuna kitu kinachouliza, kuna jipya?

"Sasa nieleze," akasema mama. "Maana mkono unaanza kuniuma."

Nikamweleza. Ukiinua, umehama. Ukishuka kwenye *Nabaki*, limelala, halisikii, na ukiinua hapo bado umehama. Ukitoka nje ya menyu ukainua, umehama. Alinisikiliza bila kunikatiza, huku akinitazama kwa ukavu wa mtu anayesikiliza bei.

"Kwa hiyo nikifanya lolote nimehama."

"Ndiyo, mama."

"Na nisipofanya lolote?"

"Usipoinua, hakuna kilichochaguliwa. Nyumba ipo."

"Na huyu mwanaharamu aliyetengeneza kitu cha namna hii," akasema, sasa kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, "amezaliwa na nani?"

Jamani. Nimejaribu kuandika jibu hili kwa njia nyingi, kwa mkono wa kushoto uliobaki huru. Niliwahi kuandika kwamba upepo ulivuma. Haukuvuma. Niliwahi kuandika kwamba nilipiga magoti. Sikupiga. Nilisimama hivyo hivyo, na watu wa Bondeni wananitazama, nikasema:

"Na wewe, mama. Ni mimi."

Hakuuliza mara mbili. Alinizaba kofi kwa mkono wa kushoto, kofi la nguvu zote, masikio yakalia, nikaona vimulimuli. Nilipofungua macho kitu cha kwanza nilichotazama ni mkono wake wa kulia. Haukutikisika. Kidole kiko pale pale kwenye paa.

"Niliwapigia watu vigelegele," akasema. "Kwa ajili yako. Nikazunguka mtaa mzima najigamba."

"Nilisahau kusukuma, mama. Lilikuwa kosa."

"Kosa la siku ngapi?"

Lilikuwa kosa kwa dakika moja. Baada ya hapo lilikuwa kazi yangu. Mpaka hapo nilikuwa na hasira na Mratibu, na viatu vyake, na kicheko chake, na ilikuwa hasira tamu, ya kumwelekea mtu mwingine. Mama aliigeuza kwa maneno manne ikanitazama mimi. Nikaelewa kwamba siku zote zile hakuna amri yake hata moja ingeweza kufanya kazi bila mtu wa kukaa akaiandika, mstari kwa mstari, akaijaribu, akahakikisha inafanya kazi vizuri. Alihitaji fundi hodari mwenye mama wa kumhurumia. Akanipata mimi kwa bei rahisi kabisa.

Kwenye ukuta, pembeni ya kioo, kuna kidirisha cha hewa chenye nondo. Uso wa Mratibu ukatokea hapo, umelowa jasho.

"Siwatu! Nini hiki? Milango haifunguki!"

"Menyu iko wazi."

"Basi ifunge!"

"Haifungwi na mimi, inafungwa na kidole."

"Zima umeme!"

"Zima wewe. Mlango wa chumba cha umeme unafunguliwa na nini?"

Akaanza kuhesabu mambo yake. Watu wa foleni walianza kuelewa, na kicheko kikapita kutoka mbele hadi nyuma, kicheko kikavu, cha kwanza siku ile. Mratibu akabadilisha sauti, ikawa laini kama ya siku ile aliponiwekea mkono begani.

"Mama yangu," akamwita mama, "shikamoo mama. Samahani sana kwa usumbufu. Inua tu kidole, halafu tutarekebisha kila kitu. Nakuapia."

"Wewe ndiye mkubwa wake?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye Mratibu."

"Umekula?"

Akashangaa. "Bado, mama."

"Vizuri."

Akageuza uso. Mratibu akaanza kugombana na nondo.

Sijui tulikaa pale muda gani, na sijui kama swali hilo lina maana mahali ambapo saa haisogei. Nilihesabu pumzi za mama, nikapotea. Watu wa Bondeni hawakuondoka. Mzee Mahimbo alimletea kigoda, mama akakataa, akasema nikikaa nitasahau. Mtu akamnywesha maji. Wengine walishuka kwenda kutazama malori, wakarudi wakasema madereva wamelala vivulini, nyumba zimesimama, hata zile zilizokwisha kusema *hiari* bado zimesimama kwa kuwa wa kuzivunja hawapiti. Kila mmoja aliyerudi alimtazama mama, kisha kidole, kisha alinitazama mimi, na mimi nilitazama chini. Ilinijia kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimeiogopa siku ambayo mtu atasema hapana, nikidhani itakuwa na moto na mawe. Kumbe hapana yenyewe ilikuwa bibi mwenye kanga mpya, mkono juu, na kwapa linatoa jasho.

Halafu mkono ukaanza kutetemeka.

Kwanza kiwiko, kisha kifundo. Kidole kilikuwa kimebadilika rangi. Niliona kioo kikisita, menyu ikicheza kidogo, ikidhani kidole kinataka kuinuka.

"Mama, unachoka."

"Naona."

"Niachie mimi."

"Wewe?" Alicheka kwa pua. "Wewe nikuachie tena kitu?"

Alisema kweli na iliniuma kuliko kofi. Lakini mkono ulikuwa unashuka, nukta kwa nukta, na hakukuwa na muda wa kuumia.

"Kioo hakijui kidole cha nani," nilimwambia. "Kinajua kidole tu. Nikikiweka changu kando ya chako, kigusane na chako, halafu wewe uteleze utoke, kitadhani ni kile kile. Niliandika mimi. Hilo nalijua. Mama, usiponiamini kwa lingine, niamini kwa hili. Mimi ndiye ninayejua kilivyo kibaya."

Alinitazama. Sikuona msamaha machoni mwake, na sitawadanganya kwamba niliuona. Aliniangalia kama anavyoangalia jiko bovu ambalo ndilo pekee lililopo. Kisha akasema, "Lete."

Niliweka kidole changu cha shahada ubavuni mwa chake. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Nikagandamiza. Akateleza, polepole, kovu lake likipita chini ya ukucha wangu, na kwa kitambo kidogo sikujua kipi ni changu na kipi ni chake. Watu hawakupumua. Menyu ikatikisika, ikatulia. *Nahama kwa hiari yangu,* likabaki linawaka bluu chini ya ncha ya kidole changu. Kwa kioo, sasa mimi ndiye Bi Sikudhani wa Bondeni, mjane, mwenye nyumba ya vyumba viwili na ukumbi. Yule fundi wa meza ya dirishani hakuwapo popote kwenye ramani, nami nilimtafuta, maana kazi ya mtu huyo ni kuandika maneno ya wengine, hajapata kuulizwa lake.

"Siwatu!" Mratibu tena kwenye kidirisha. Sasa alikuwa amevua tai. "Siwatu, mwanangu, sikiliza. Inua. Nitakupa cheo. Au nitawapa watu wa Bondeni muda. Au nitaiondoa nyumba ya mama, safari hii kwa maandishi. Chagua unachotaka, lolote kati ya hayo."

"Matatu," nikamwambia.

"Nini?"

"Umenipa matatu. Na yote yanaanza kwa kuinua." Nikazidi kugandamiza. "Nilikuandikia hizi kwa miaka, Bwana Lugendo. Unadhani sizijui zikiwa mdomoni?"

Alinitukana. Matusi yake yalikuwa ya kawaida kabisa, hata yalinishangaza, mtu mwenye madaraka yote yale. Semkiwa, nyuma yake, alisema kitu, sikukisikia vizuri, ila nilimwona akivuta kiti na kukaa mbali na mitambo, mikono mapajani, kama mtu aliyemaliza zamu.

Mama alikuwa anajikanda mkono. Vidole vyake havikukunjuka vyema, ikabidi Mzee Mahimbo amsaidie kuifunga kanga. Nilitaka aseme neno. Lolote. Hata anitukane tena. Nilikuwa nimesimama mahali pake, jasho linanitiririka mgongoni, bega limeshaanza kuwaka moto, na mbele yangu sikuona mwisho wowote, maana marekebisho hayaingii mpaka menyu ijifunge, na menyu haijifungi bila kuchukua nyumba. Nukta mbili. Zingenigharimu pumzi moja, siku ile.

"Nakwenda nyumbani kwangu," mama aliwaambia watu, si mimi. "Nina mchicha haujamwagiliwa tangu jana."

Wakampisha. Aliteremka njia ya Bondeni, chini ya jua lile lile la saa nne na dakika saba, mkono wa kulia ameubeba kwa wa kushoto. Sikuweza kugeuka vizuri kumtazama. Nilimwona kwenye kioo, anapungua. Alipofika kwenye kona akasimama. Hakugeuka.

"We Siwatu."

"Naam, mama."

"Usithubutu."

Sijathubutu.